Maman Clémence, Shahidi wa Kampuni

Kama kulikuwa na mtu katika mtaa mzima wa Kasha, kule mlimani, wa kumzika Barthélemy kwa maneno, alikuwa Maman Clémence, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri. Mjane wa Firmin, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mwanamke ambaye sauti yake ya asubuhi inawaamsha hata walevi. Alikuwa na kinyongo na Barthélemy, tena si kinyongo cha juzi. Alikilea kama mtoto, akakilisha kila siku, kikanenepa.

Barthélemy alikuwa jirani yake, mzee anayeishi peke yake tangu mkewe afe. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye mashine ya kuvunja mawe ya kampuni moja ya kokoto. Alipotoka kule, masikio yalikuwa yamekufa. Daktari alimpima, akasema ni kelele ya mashine iliyoyaua, naye akadai fidia. Kampuni ikakataa katakata. Mwanasheria wa kampuni, Maître Guy, kijana wa viatu vya kung'aa, alisema kipimo chenyewe kinamtegemea anayepimwa: akisikia mlio anabonyeza, akitaka kudanganya anakaa kimya. Mzee anasikia vizuri sana, alisema, anajifanya tu. Kesi ikafika mahakamani, na ikabaki kutafuta mashahidi.

Ndipo Maître Guy akapanda Kasha kuulizia sifa za mtu huyo.

"Barthélemy? Ule muzee wa kiburi?" watu walimwambia. "Enda kwa Maman Clémence. Atakupatia yote."

Na kweli alimpatia yote.

"Ule mutu? Unamusalimia, anapita tu! Kichwa juu, shingo ngumu, utazani iko gavana. Si mimi peke yangu. Uliza Kasha yote."

Maître Guy karibu acheke kwa furaha. Mtu anayechagua wa kumwitikia si kiziwi, ni mwenye dharau, na dharau haina fidia. "Maman, utakuja kuyasema mbele ya jaji?"

"Hata mbele ya askofu!"

Msimwone mkali bure. Kasha watu husameheana mengi. Mbuzi wako akila maharage yangu, tutagombana leo, kesho tunapeana chumvi. Lakini salamu! Ukimnyima mtu salamu umemwambia kwamba hayupo duniani. Na Barthélemy hakumnyima Clémence salamu tu. Siku ya kilio cha Firmin, mjane mwenyewe aliinuka mkekani, macho yamevimba, akapakua bugali na maharage kwa mikono yake, akamwita jirani aje kula. Barthélemy akampa kisogo, akashuka zake njiani mbele ya wafiwa wote. Sahani ikabaki mkononi mwa Clémence. Mambo kama hayo yanasahaulika? Thubutu!

Siku ya kesi alivaa kikwembe cha Pasaka na kilemba chake, akapanda moto, pikipiki iliyolipiwa na kampuni, akateremka mjini kama mtu anayekwenda harusini. Leo ndiyo leo. Ndani alimkuta Barthélemy amekaa mbele kabisa, kofia magotini, anaikodolea macho midomo ya jaji. Hata hapa kichwa juu! Clémence akaguna.

Jaji alikuwa mama mnene asiye na haraka. Aliposimamishwa, Clémence alianza bila kuombwa mara mbili. Alieleza jinsi Barthélemy anavyoipita meza yake ya sambaza bila neno. Akaeleza siku ile kwenye bomba la maji, alipomwambia sogea, naye akasimama kama nguzo. Akamalizia na kilio cha Firmin, sahani na kisogo. Watu kwenye viti walitikisa vichwa. Maître Guy alikuwa ameshaanza kukusanya makaratasi yake.

"Maman," jaji akauliza, "pale kwenye meza yako, unamusalimia akiwa wapi?"

"Akiisha kupita, mama jaji. Ninangoja yeye aanze, haanzi. Akiisha kupita, njo ninamuita."

"Na kwenye bomba?"

"Kwenye foleni. Yeye mbele, mimi nyuma."

"Na siku ya kilio, ulipomuita na sahani?"

Clémence akafungua kinywa. Akaiona tena ile sahani, na mbele ya sahani mabega ya Barthélemy, na shingo yake, na ile kofia. Shingo! Miaka yote hii alikuwa akigombana na shingo ya mtu. Uso wake hakuwa ameutazama tangu lini? Akakumbuka. Jumapili moja walikutana ana kwa ana kwenye mlango wa kanisa, Barthélemy akavua kofia, akainama kidogo. Naye Clémence, kwa hasira yake ya kulishwa, akapita na pua juu.

Akageuka, akaitazama ile shingo pale mbele.

"Endelea, Maman," Maître Guy akamhimiza. "Waambie habari ya kiburi chake."

"Wewe, nyamaza kwanza." Akashika kiuno, akamgeukia jaji. "Mama jaji, ninaomba niseme muzuri. Huyu mutu, zamani, mbele ya kuingia kwenye ile mashine, ulikuwa unamusalimia toka ngambo ya bonde, anakuitikia! Firmin wangu alikuwa anamuita toka huku, yeye anajibu toka kule. Ameingia kwenye mashine, akaanza kupita batu. Kila mara nilimuita, nilikuwa nyuma yake. Siku moja tu tulikutana uso kwa uso, na siku ile yeye alivua kofia. Mimi njo nilikataa."

"Maman!" Maître Guy alisimama. "Umeletwa na sisi!"

"Mulinilipia moto. Hamukununua mudomo yangu!" Chumba kikacheka, hata askari wa mlangoni. "Unasema anajifanya juu ya fidia. Haya, niambie: miaka yote ile hakukuwa kesi, hakukuwa fidia. Kwenye kilio cha bwana yangu alikuwa anadanganya nani? Mimi muuza sambaza? Alikuwa anataka kunipokonya nini, bugali?"

Maître Guy alimtazama jaji, jaji alikuwa anaandika. Akakaa.

Barthélemy hakuwa amegeuka hata mara moja. Aliona tu watu wanacheka, akadhani wanamcheka yeye, akazidi kunyoosha shingo. Clémence aliomba ruhusa, akazunguka viti kwa mwendo wa kikwembe cha Pasaka, mpaka akasimama mbele ya macho yake.

"Jambo, Papa Barthélemy."

Mzee akainuka taratibu, kofia kifuani. "JAMBO SANA, MAMAN CLÉMENCE!" Alipiga kelele kama yuko bado kwenye mashine, madirisha yakasikia. Kisha akasema: "Tangu Firmin alikufa, hakuna mutu ananisalimia Kasha. Nilizania munanichukia bote. Pale kazini nilificha habari ya masikio, wasinifukuze. Nyumbani nikasema, kama hawanitaki, basi, nitatembea kichwa juu."

Clémence alilia, tena bila haya, akipangusa machozi kwa ncha ya kikwembe. Alililia ile sahani, na Firmin, na salamu zote alizozirusha mgongoni mwa mtu.

Jaji alimpa Barthélemy haki yake: mashine ndiyo iliyomla masikio, na kampuni imlipe. Maître Guy alitoka kwa mlango wa nyuma, na nauli ya kumrudisha shahidi wake aliisahau. Clémence na Barthélemy wakapanda Kasha kwa miguu, wanatembea sambamba ili mzee aone midomo ya mwenzake. Mwanamke kichwa juu, mwanaume kichwa juu, utadhani wametoka kuapishwa.

Siku hizi ole wako umsalimie Barthélemy kwa nyuma. Sauti itakufikia kutoka kwenye meza ya sambaza: "Weee! Zunguka! Papa iko na uso!" Na watu wa Kasha wanazunguka, wazee kwa vijana, na mizigo yao kichwani, wanasimama mbele yake, wanangoja avue kofia.