Siku Wifi Alipokuja Kuchagua Chumba

"Na huo mlango wa nakshi utatupikia mchicha, Baba Bariki? Utatuletea maji?"

"Mlango huu una umri unaomzidi babu yangu," alijibu Mwalimu Feliksi, akiupapasa kama ng'ombe wa mahari. "Na kuta, hebu pima mwenyewe, unene wa mkono mzima! Nje jua linachoma, humu ndani baridi."

"Na juu popo," alisema mkewe, Leonia.

Dismasi, dalali, alisimama katikati ya ukumbi na funguo za nyumba mbili, akikohoa kikohozi cha mtu anayetaka kwenda kula. Mkono wa kulia alishika za nyumba hii ya zamani ya Ujiji. Wa kushoto, za fleti ya ghorofa ya tatu mjini Kigoma, vigae mpaka jikoni na madirisha yanayotazama ziwa. Kodi sawasawa. Mwenye nyumba yao ya Gungu alitaka watoke kabla ya Jumapili, na mke na mume walikuwa wakibishana tangu Jumatatu. Nje, bajaji yenye vyombo vyao vya kwanza ilikuwa ikingoja.

Leonia hakuwa na shida ya vigae. Alitaka kulala. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa, ndugu wa Feliksi walitoka Mwandiga kuja "kusalimia tu", wakakaa wiki tatu. Mwandiga kwenyewe si mbali, unapanda haisi moja umefika. Lakini wao walipewa kitanda cha Leonia, naye akalala mkekani sebuleni, akaamshwa saa kumi na moja alfajiri apike uji. Fleti ilikuwa na vyumba viwili. Nani angepanda ngazi zote zile na jogoo kwapani?

Hayo hakumwambia mumewe. Alimwambia habari za popo. Na jana yake alimpigia simu wifi yake Catherine: "Wifi, kaka yako anachukua nyumba kubwa Ujiji, vyumba sita! Njooni kesho mchague vyenu." Alijua Feliksi anawapenda ndugu zake, ila mmoja mmoja.

Bodaboda mbili zikasimama nje. Catherine akashuka na godoro. Nyuma yake nduguye, shemeji Jeremia, cherehani mkono huu, jogoo mkono ule.

"Mwakeye!"

Wakasalimiana kwa Kiha, magoti yameinama, viganja vikipiga makofi, wakaulizana habari za watu wote mpaka za mbuzi. Dismasi akatazama saa mara mbili.

"Nani kawaita hawa?" Feliksi alimnong'oneza mkewe.

"Damu, mume wangu. Damu inasikia."

Mambo yalianza vizuri. Jeremia alitua cherehani barazani, pale pale Feliksi alipopanga kukaa na gazeti lake. Catherine alifungua chumba hiki, akafungua kile, akauliza kipi hakina mbu. Mwalimu akaanza kutoka jasho katika nyumba yake ya baridi. Leonia alitazama dari kwa unyenyekevu mkubwa.

"Dismasi," alisema Feliksi, "hebu nikumbushe ile fleti."

"Fleti gani?" Catherine aligeuka.

Dismasi kazi yake ni kusifu, basi akasifu. Bomba ndani, choo ndani, feni darini, na stendi iko hapo chini.

"Choo ndani!" Catherine akaketi juu ya godoro lake. "Kaka, una choo cha ndani halafu unatuleta kwa popo? Twendeni huko! Mimi sebule inanitosha."

"Nami goti langu lina kliniki mjini kila Jumanne," alisema Jeremia. "Nitafikia hapo hapo. Jumatatu mpaka Alhamisi hivi."

Leonia akaiona picha nzima: Catherine sebuleni, Jeremia jikoni, jogoo bafuni, na yeye kwenye vigae vya baridi, akirukwa na kila aendaye choo cha ndani.

Akaondoka kimya kufuata ukumbi mpaka mwisho. Kule nyuma uani kulikuwa na chumba kidogo kilichojitenga, chenye komeo la chuma kwa ndani. Akaingia, akafunga, akasikiliza. Catherine alikuwa akicheka, na kicheko cha Catherine husikika soko zima la Mwandiga. Humo hakikusikika hata kidogo.

Akarudi. "Tunachukua hii."

"Mama Bariki! Na popo?"

"Popo hawanywi uji."

"Lakini mimi ile fleti nilishaanza kui..."

"Weka saini, mwalimu."

Feliksi akaweka saini, karatasi ameiegemeza kwenye mlango wake wa nakshi. Leonia akapokea funguo. Akampa wifi ufagio wa njiti, akamwonyesha shemeji ngazi ya kufikia dari na popo wake, na kumwambia mumewe kwamba jiko la mkaa liko kwenye bajaji.

"Na wewe je?" aliuliza Feliksi.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Leonia alikwenda chumba cha uani, akatandika kitenge sakafuni, akasukuma komeo mpaka mwisho, akalala.