Nakala Sita za Orville Kessinger

Alhamisi saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Darlene Kessinger alichomoa namba hamsini na mbili kwenye mashine ya ofisi ya afya ya Kaunti ya Tolliver, Indiana. Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kushoto kwake alikuwepo mama mwenye mtoto wa chanjo, kulia mzee aliyefuata kibali cha shimo la maji taka. Mapajani alipakata mfuko wa supamaketi, na ndani ya mfuko zilikuwemo nakala sita za cheti cha kifo cha baba yake. Zote sita zilikuwa zinakohoa.

Yule mtoto aliukodolea mfuko macho. Mama yake akamwambia aache kuangalia mizigo ya watu.

"Kiwandani?" mzee akauliza.

"Kiwandani."

"Shifti gani?"

"Ya pili. Miaka thelathini na nne."

Mzee akavua kofia, akakaa nayo mkononi kidogo, kisha akaivaa tena.

Tolliver ndivyo ilivyo. Vyeti vya wakulima vinatulia kimya, vya walimu vinatulia kimya, hata vya wale wawili waliopigwa na radi wakicheza gofu havijawahi kumsumbua mtu. Ni vya watu wa kiwanda cha kusubu chuma tu ndivyo vinavyokohoa. Miaka yote wale watu wanamimina chuma kwenye kalibu za mchanga, kikipoa wanazigonga kuzipasua, na vumbi linalotoka hapo wanalivuta wao. Benki ya mjini huviweka vyeti hivyo juu ya mto mdogo wakati karani anasoma, basi, shughuli inaendelea.

Namba hamsini na mbili ikaitwa. Dirisha la pili alikaa Bi Maxine Overbeck, miaka sitini na mitatu, sweta ya ndege wekundu, miwani inaning'inia kwenye uzi wa shanga. Alikuwa amekaa dirishani pale miaka ishirini na tisa. Alinusa kabla Darlene hajafungua mfuko.

"Mama yako kazipaka dawa ya kifua," akasema.

"Mbele na nyuma. Kisha akazifunga kwenye flana. Benki wamezikataa, wino wote umetanda."

"Wote wanapaka mara ya kwanza, mpenzi. Kuna mjane wa Mtaa wa Walnut alizinywesha supu." Akazipokea nakala zilizoharibika kwa mikono miwili, akazilaza kwenye taulo lililokunjwa. "Kitambulisho chako. Hapa unaandika wewe ni nani wake. Hapa idadi. Hapa sahihi."

Darlene akaandika: binti. Akaandika: sita. Kalamu ikasimama.

"Bi Maxine, sitaki hizihizi lakini. Nataka zinazosema kilichomuua ni mchanga."

Maana hiyo ndiyo iliyomleta. Vyeti vya benki angeweza kumtuma hata shangazi. Mdogo wake Wendell, miaka thelathini na minane, alikuwa anagonga kalibu kwenye kiwanda hichohicho, hatua tatu kutoka pale alipokuwa anasimama baba yao. Siku ya mazishi, kwenye ukumbi wa kanisa, wote wawili wakiwa na sahani za tambi za nyama juu ya viazi vya kuponda, Darlene alimwomba aache kazi. Wendell akatafuna mpaka akamaliza.

"Karatasi inasema moyo, Dar," akasema. "Mzee alikuwa anakula bekoni kama mtu analipwa kuila. Siku karatasi ikisema mchanga, siku hiyohiyo nawarudishia kofia yao."

Na Wendell akisema kitu kasema. Hapo ndipo penye tatizo lake na hapo ndipo lilipokuwa tumaini la dada yake.

Bi Maxine alisikiliza yote bila kuangalia saa, ingawa nyuma kulikuwa na watu saba.

"Sababu ya kifo siyo yangu," akasema. "Mimi nachapa alichotia sahihi daktari. Kubadilisha anaweza yeye peke yake. Fomu ya kumwomba ipo, nitakujazia. Tangu niingie hapa nimezipeleka arobaini na moja."

"Zimerudi ngapi?"

"Zote. Posta yetu haina mchezo."

Akatoa fomu ya arobaini na mbili. Aliipiga taipu neno kwa neno, bila kosa hata moja, kama vile ndiyo ya kwanza na kuna mtu mahali fulani anaisubiri kwa hamu. Darlene akatia sahihi. Kisha Bi Maxine akafanya jambo ambalo hakuna kanuni inayomlazimisha. Alinyanyua simu akampigia Daktari Pruitt, ambaye kliniki yake ipo ndani ya geti la kiwanda. Akaweka sauti ya nje, akaisogeza nakala moja karibu na simu.

"Daktari, ni kuhusu Kessinger. Orville."

Karatasi ikakohoa.

"Maxine, mbona unaumwa hivyo? Kunywa kitu cha moto, weka asali."

"Si mimi. Ni yeye."

Karatasi ikakohoa tena.

"Ahaa. Mpe pole."

"Familia inaomba uuangalie tena mstari wa sababu."

"Niliuangalia. Moyo ulisimama."

"Daktari, kwenye kabati langu hamna hata mmoja ambaye moyo wake haujasimama."

"Sasa si unaona mwenyewe?" daktari akasema, akakata simu.

Bi Maxine akaiweka simu mahali pake taratibu. Akafungua sefu, akatoa karatasi sita kutoka juu ya rundo, zile rasmi za jimbo zenye pambo la bluu na namba pembeni, akazipitisha kwenye mashine ya kuchapa. Jina likatoka, tarehe ikatoka, moyo ukatoka. Ya kwanza ilianza kukohoa kabla haijapoa.

Sasa kazi yenyewe ni muhuri. Muhuri wa Tolliver ni mtambo wa mkono, chuma kizito cha kiwanda kilekile, na ukishushwa unaibonyeza karatasi mpaka alama inainuka, unaisikia kwa kidole. Karatasi ikikohoa muhuri ukiwa unashuka, alama inatoka mbili, na hakuna benki duniani itakayoipokea. Kuna mwaka jimbo lilileta karani kijana wa kumsaidia. Asubuhi moja aliharibu kumi na tisa, akaomba ahamishiwe vyeti vya kuzaliwa, ambako karatasi zinalia tu.

Bi Maxine akavua miwani. Akalaza kiganja juu ya ile nakala kama unavyompima mtoto homa, akafumba macho, akasikiliza. Fupi, fupi, ndefu. Halafu ule mkwaruzo mdogo wa kusafisha koo. Darlene aliujua mkwaruzo huo. Maisha yake yote ulikuja kabla ya sala ya chakula, na ukishausikia unaweka uma chini.

Bi Maxine akangoja fupi, fupi, ndefu. Mkwaruzo ulipokwisha, kwenye ile nafasi ndogo ambayo baba yake angevuta pumzi aseme "Bwana", mkono ukashuka. Chap. Ukapanda.

Akafanya hivyo mara sita. Hakuna hata moja iliyopinda. Darlene amekulia kwa watu wanaojua kazi. Baba yake alikuwa anagonga chuma kwa nyundo mara moja tu, na kwa mlio anakwambia ufa uko upande gani. Lakini kazi kama hii hakuwahi kuiona, na kwa dakika nzima alisahau kwamba zile nakala zilisema uongo.

Kisha akashika simu yake, akamwandikia Wendell: *Njoo ofisi ya afya umsikie.*

Wendell alikuwa anakaa dakika tano tu kutoka pale, na shifti yake huanza saa tisa mchana. Alifika na nywele mbichi, akaegemea dirisha.

"Ndo huyo?"

"Ndo huyo."

Akainama. Fupi, fupi, ndefu, mkwaruzo. Mkono wa Wendell ukaenda wenyewe kichwani ukavua kofia, akabaki ameinamisha kichwa akingoja sala. Sala haikuja.

"Ni mzee," akasema. "Nimeisikia hiyo miaka kumi na tano."

"Basi acha kazi."

"Imeandikwa nini?"

"Wendell, si umesikia!"

"Isome tu, Dar."

Akaisoma. Moyo.

"Haya. Niende kwa msimamizi nikamwambie karatasi imenikoholea? Ataniuliza imeandikwa nini, kama ninavyokuuliza mimi." Akavaa kofia. "Asante, Bi Maxine. Kazi safi." Akambusu dada yake utosini. "Jumapili kwa mama. Na usipike wewe, tafadhali, tumeshazika mmoja."

Mlangoni akakohoa kwenye kiwiko, moja tu, fupi. Akasema baridi hii haina adabu, akatoka.

Ndani ya sefu, nyuma ya Bi Maxine, kitu kikakohoa. Moja tu, fupi.

Bi Maxine hakushtuka. Akafungua sefu, akapitisha kidole ubavuni mwa rundo kama mtu anayetafuta ukurasa, akachomoa karatasi moja. Ilikuwa tupu. Pambo la bluu, namba pembeni, basi. Ikakohoa tena mkononi mwake, kwa woga, kama inayoanza kujifunza. Akainua rundo zima kwa mkono wa kushoto, akaitia chini kabisa.

"Ya nani hiyo?" Darlene akauliza, ingawa alikuwa ameshaitambua.

"Bado haina jina."

"Si mnazitumia kwa kufuata namba?"

"Ndivyo kanuni inavyosema." Akaandika kwenye daftari sababu ya kuvuruga namba: *karatasi zilishikana*. "Nikifika asubuhi nazikuta zinazokohoa zimepanda juu. Hiyo nimeirudisha chini leo kabla hujafika, na imeshapanda tena. Leo zilizopanda zilikuwa kumi na nane."

Darlene akalitazama rundo.

"Juu yake zimebaki ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

Bi Maxine akazifunga zile nakala sita kwenye taulo safi la kaunti, akamwonyesha namna ya kubeba ili zisijikunje. Darlene akashukuru. Kwenye gari aliziweka kiti cha mbele, akazifunga mkanda.

Fomu ya arobaini na mbili ilirudi baada ya siku tisa. Hakuna mabadiliko.

Tangu hapo kila Alhamisi, akitoka jikoni kwenye shule anakopika, Darlene hupita ofisi ya afya na pai ya maziwa na sukari ndani ya karatasi ya foili. Hachukui namba. Anasimama pembeni ya dirisha la pili mpaka Bi Maxine anyanyue macho.

"Vipi?"

"Chini kabisa, mpenzi."

Darlene anaiacha pai pale kaunta. Bi Maxine anavaa miwani, anabonyeza kitufe, anaita namba inayofuata.