Saa Kumi na Mbili ya Aya ya Nne

Watu wa kiwanda cha chapa cha serikali walimwita Nukta, na si kwa sababu ni mfupi, ingawa mfupi ni mfupi kweli. Alikuwa msomaji prufu. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye meza ile ile, rula mkononi, akisoma kila mstari wa Gazeti la Serikali kabla haujaingia mtamboni: mahakimu wapya, hati za viwanja zilizopotea, ada za leseni. Alisoma yote na aliamini machache. Shule aliiacha darasa la saba, lakini mawakili wenye digrii mbili walishapita chini ya rula yake wakatoka wamevuliwa koma.

Jumatatu hiyo, saa nane mchana, mwanasheria wa serikali aliingia na bahasha kwapani. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, suruali imelowa mpaka magotini. Mto ulikuwa umevunja kingo tangu Alhamisi. Maji yalikuwa yamezidi unga, na safari hii haikuwa methali: unga wenyewe, wa ghala la akiba, ulikuwa unaelea barabarani na watu wanaupigania kwa mapanga.

"Shikamoo mzee," alisema bila kukaa. "Hili litoke kabla ya saa kumi. Ni tangazo la hali ya hatari. Limeshasainiwa."

Nukta aliweka rula, akaanza. Aya ya kwanza ilitaja sababu. Ya pili ilitaja eneo, wilaya tatu za bondeni pamoja na mji. Ya tatu iliipa serikali ruhusa ya kuchukua boti, magari na majengo ya watu kwa ajili ya uokoaji, na kuwalipa baadaye. Ya tano ilisema mambo haya yatadumu siku kumi na nne, yakizidi hapo bunge liulizwe. Ilikuwa kazi safi. Ila aya ya nne ilisema hivi: "Ni marufuku mtu yeyote kuwa nje ya makazi yake kuanzia saa 12 hadi saa 12. Atakayekaidi ataondolewa kwa nguvu."

Nukta alicheka puani. Kisha kicheko kikamkauka.

"Saa kumi na mbili ipi hii?"

"Ipi vipi?"

"Kwa siku zipo mbili, binti yangu. Ya asubuhi na ya jioni. Hapa hamkusema tuanze na ipi. Mtu anaweza kujifungia usiku, mchana akatoka. Anaweza kujifungia mchana, usiku akatoka. Na mwenye woga atajifungia moja kwa moja, mje mumtoe na godoro."

"Si inaeleweka? Ni usiku." Mwanasheria akakuna shingo. "Ingawa ghala linavunjwa mchana. Kwenye kikao kuna waliotaka watu wafungiwe mchana, barabara ziachiwe waokoaji. Sikumbuki walikubaliana lipi. Nilikuwa nimetoka kutafuta wino wa mhuri." Akavuta kiti, sasa akakaa. "Halafu, mzee, rasimu ya kwanza haikuandikwa Kiswahili. Kwa lugha ile kumi na mbili ni saa sita. Kama aliyefasiri alisahau kugeuza saa..."

"Itakuwa saa sita usiku mpaka saa sita mchana."

"Au kinyume chake."

"Aliyefasiri yuko wapi?"

"Bondeni na msafara. Simu za kule zimekufa."

"Na aliyesaini?"

Mwanasheria alinyoosha kidole juu. Nukta alidhani anamsingizia Mungu, kumbe alimaanisha helikopta.

Hapo ndipo Nukta alipoanza kutokwa na jasho, na si kwa ajili ya taifa. Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo. Alisafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi, katika hospitali iliyo ng'ambo ya mji. Ijumaa iliyopita maji yalikata njia, hakwenda. Sasa miguu imemvimba kama magogo, na daktari alishasema kwa simu, bila kuzungusha maneno, kwamba akikosa na Jumanne asitegemee kuiona Ijumaa. Kati ya zile saa kumi na mbili za mwanasheria, moja tu ndiyo iliyomruhusu mama yule kutoka nyumbani asubuhi na kurudi mchana.

Bosi wa kiwanda aliitwa. Alikuja anatafuna kijiti cha meno, akasoma, akarudisha karatasi.

"Chapa ulichopewa. Kosa la mwenye saini si letu. Masahihisho tutayatoa toleo lijalo."

"Lini?"

"Ijumaa, kama kawaida."

"Bosi, watu watakamatwa siku nne kwa sababu ya neno moja."

"Mawili," Bosi alisema. "Jioni na asubuhi. Na wewe huna mamlaka hata ya moja." Akaondoka zake.

Nukta alimgeukia mwanasheria. "Basi andika wewe. Wewe ni serikali."

"Siwezi. Haya ni mamlaka makali, mzee, ndiyo maana yamefungwa kamba nyingi. Lazima sababu itajwe, eneo litajwe, muda utajwe, na asaini mmoja tu. Nikiongeza neno baada ya saini nimejifanya yeye."

"Tusubiri ashuke."

"Hatuwezi. Halina nguvu mpaka lichapwe. Hivi tunavyoongea wenye boti wamegoma kuzitoa, na kuna watu wako juu ya mapaa. Kilichochapwa kwenye gazeti hili ndicho sheria. Kinachosemwa redioni ni maneno tu."

"Kwa hiyo sasa hivi hakuna hali ya hatari?"

"Hatari ipo," alisema mwanasheria. "Hali ndiyo bado."

Hakuna aliyecheka. Mwanasheria akatoka kwenda kutafuta mtandao uani, simu ameinyanyua juu kama anayepima mvua.

Nukta alibaki na karatasi. Alijua kosa la herufi ni lake kulirekebisha. Ndiyo kazi yake, ndiyo mshahara wake. Kosa la maana si lake. Lakini neno lililosahauliwa, hilo ni herufi au ni maana? Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia. Akajiuliza tena: kama mke wake angekuwa mzima, angehangaika hivi, au angepiga mhuri wa "imesomwa" akaenda kunywa chai? Hakupata jibu. Alilitafuta kwa uaminifu kabisa, na hakulipata.

Akaandika "jioni" baada ya kumi na mbili ya kwanza, na "asubuhi" baada ya ile ya pili. Akapiga mhuri wake. Mtambo ukaanza kunguruma saa tisa na nusu.

Asubuhi yake, saa moja, alimshika mkewe mkono wakatoka. Mtaa ulikuwa kimya. Majirani walichungulia madirishani kama kuku wa tunduni. Kila redio ilikuwa imesema lake. Kwenye njia panda kulikuwa na gogo barabarani, na sajenti mwenye karatasi kifuani.

"Shikamoo mama. Mnakwenda wapi wakati wa marufuku?"

"Marahaba. Kuoshwa damu," alisema mkewe. "Na wewe kama una maji safi, nioshee hapa hapa nirudi kulala."

Sajenti alimtazama miguu, akaacha kutabasamu. "Amri yangu inasema kumi na mbili mpaka kumi na mbili. Mkubwa wetu amesema ni mchana, maana wezi wa ghala ni wa mchana."

Karatasi yake ilikuwa nakala ya ile ya taipu aliyokuja nayo mwanasheria, iliyopelekwa kambini moja kwa moja bila kupita kiwandani. Nukta akatoa gazeti mfukoni, bado linanuka wino. Sajenti akaziweka karatasi mbili juu ya gogo, akasoma moja, akasoma nyingine, akarudia ya kwanza. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Saini ni ile ile," alisema. "Sasa sheria ni ipi?"

"Iliyochapwa."

"Una hakika?"

Nukta hakuwa na hakika ya kitu chochote. Maneno mawili aliyaweka mwenyewe kwa kalamu ya risasi, lakini mwanasheria alisema kilichochapwa ndicho sheria, na yamechapwa. Kwa hiyo ameandika uongo, na uongo umekuwa kweli, au ulikuwa kweli tangu mwanzo na yeye ndiye hakujua.

"Afande," alisema, "ndiyo kazi yangu. Nina hakika."

Sajenti akakunja gazeti, akalitia mfukoni kwake. "Hili linabaki. Nikiulizwa, nitaonyesha. Piteni."

Walipokuwa mbali kidogo mkewe akamwambia, "Baba watoto, mbona unanikimbiza?"

"Baridi."

"Baridi ya wapi?"

Simu ililia saa tatu, mashine ikiwa imeshaanza kuzunguka na damu ya mkewe inapita kwenye mirija. Alikuwa mwanasheria. Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

"Mzee, ni wewe uliyeongeza?"

"Ni mimi."

"Aliyesaini ameshuka. Nimemuuliza alikusudia saa ipi. Akaomba gazeti, akasoma, akasema ndivyo alivyokusudia. Nikamuuliza kabla ya kusoma alikusudia nini. Akasema nisimchoshe."

"Basi yamekwisha."

"Hayajaisha. Kuna barua ya kukusimamisha kazi, kwa kubadili tangazo. Na kuna wazo la kukupa barua ya shukrani. Zote ziko mezani, zote hazijasainiwa. Inabidi uje ujieleze sasa hivi, kabla hawajachagua."

Nukta alimtazama mkewe. Alikuwa amefumba macho, uvimbe wa uso haujapungua, mkono wake uko juu ya shuka na sindano mbili ndani yake. Muuguzi akapita, akagusa kitufe, akaonyesha vidole vinne: muda wa saa nne nzima.

"Siwezi kuja," alisema Nukta.

"Mzee, wanaweza kusaini ile mbaya."

"Wasaini. Nitakuja akimaliza."