Kinyago Kilichogoma Kuingia

Kinyago kiligoma kuingia. Mtaalamu wa mashine ya mionzi alikisukuma taratibu, kikagoma, akarudi nyuma akashika kiuno.

"Mama, wiki iliyopita kilikukaa sawasawa. Umefanya nini kichwani?"

Fundi cherehani, chali kitandani, akamkata jicho mdogo wake aliyesimama mlangoni. Mdogo mtu alikuwa msusi, na jana yake alikuwa amemsuka dada misuko minono, mingine kaifunga juu utosini. Kumbe kile kinyago cha plastiki yenye matundu kilifinyangwa kwa kipimo cha kichwa chake, kimshike asitikisike hata chembe mionzi ikipita. Sasa kichwa kimeongezeka!

"Mungu wangu, ni mimi," msusi akasema.

Daktari akaitwa. Uvimbe ubongoni ulikuwa unabana mshipa wa fahamu wa jicho. Dada alishaanza kuona uzi mmoja kama mbili.

"Tukifumua sasa hivi, tunaendelea," daktari akasema. "Tukichelewa, zamu ni ya mwingine, na hilo jicho sitaki lingoje."

Wee! Msusi alikivamia kichwa, akaanza kufumua. Daktari akakunja mikono ya koti, akashika upande wa pili. Mtaalamu naye akajitosa kisogoni.

"We kaka, hizo nywele, si waya!" dada akafoka, chumba kizima kikacheka.

"Lakini kwa nini umsuke jana?" daktari akauliza.

Msusi akajibu huku akifumua. "Nilisikia mionzi inanyonyoa kichwa chote. Nikasema nimsuke mara ya mwisho. Na sikuwa naogopea nywele tu, daktari."

"Hii haichomi kichwa kizima," daktari akasema kwa upole. "Miale ni mingi, kila mmoja ni dhaifu. Inatoka pande zote, inakutana kwenye uvimbe, na hapo tu ndipo inapata nguvu. Nywele nyingi zitabaki."

Kinyago kikaingia. Wakatoka, mlango ukafungwa, msusi akakaa kwenye benchi la korido roho juu juu, akiomba kwa maneno aliyoyasahau tangu utotoni.

Dada akatoka na alama za matundu usoni, nywele timutimu.

"Ndiyo hiyo tu? Mie nimesinzia."

Daktari akawaambia uvimbe utasinyaa polepole, waupe miezi. Msusi hakusikia hata nusu. Aliangua kilio, korido nzima ikageuka.

"Hebu nyamaza, wewe," dada akamvuta kifuani, akamkumbatia kwa nguvu. "Watu watadhani nimekufa, na mimi nina njaa hivi."