Mchoro wa Mwalimu Kathure

Mwalimu Kathure alikuwa na wiki sita tu Garissa, na wasichana wa Kidato cha Tatu walishamchoka. Mwalimu wa fizikia aliyemtangulia alirudi bara bila kuaga, na aliyekuwapo kabla yake alimaliza muhula mmoja. Walimtazama kama mgeni ambaye hajafungua hata mkoba.

Jumatatu alichora saketi ubaoni: betri ya pikipiki, swichi, waya uliozungushwa kwenye msumari ili ugeuke sumaku, na ammita ya kupima mkondo.

"Fuateni mchoro," akasema. Wasichana wakaanza kuunganisha vifaa mezani.

Hinda, msichana mrefu aliyekaa nyuma, akainuka. "Mwalimu, ammita umeiweka vibaya."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, lakini..."

"Basi keti."

Wenzake wakacheka. Hinda hakuketi. Alikwenda meza ya mbele akaanza kuchomoa waya. Maka, mwenye meza hiyo, akamsukuma na kubonyeza swichi. Mshale wa ammita ukaruka hadi mwisho ukagota hapo, waya ukamchoma vidole, akapiga yowe. Meza ya pili nayo ikafuka moshi. Shule ilikuwa na ammita tatu. Sasa ilibaki moja.

"Umeziharibu makusudi!" Kathure alimfokea Hinda. "Toka!"

Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Siyad, akamwandikia Hinda barua ya kukaa nyumbani wiki nzima.

Mchana Kathure alirudi kufuta ubao. Akasimama na kitambaa mkononi. Ammita aliichora ikiunganisha swichi na ncha ya pili ya betri moja kwa moja, badala ya kuipitisha katika njia ile ile ya msumari. Mkondo wote ulikuwa umepewa njia ya mkato. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Alikwenda kumweleza Siyad, ambaye alimsikiliza bila kuinua kichwa. "Barua nimeshaitia sahihi. Ukikiri, watakupanda kichwani. Nyamaza, wiki itapita."

Alinyamaza siku mbili. Jumatano alipoingia darasani alikuta ubao umeandikwa kwa herufi kubwa: UNAENDA LINI? Hakuna aliyefungua daftari. Alipouliza swali, Maka akaweka mezani mkono wake uliofungwa bandeji, akamkazia macho.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa kina Hinda, katika mtaa wa Galbet. Mama yake, Ramlo, alikuwa akichagua mchele mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Mama, salaam alaykum. Nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu, si la Hinda."

"Wewe nafukuza mtoto yangu mbele ya watu," Ramlo akasema, "halafu radhi naleta kwa mlango, mahali hakuna mtu nasikia?"

Hinda alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Kathure alimwona miguu tu.

"Nitasema mbele ya darasa."

"Sema kwanza. Yeye atakuja baadaye."

Alhamisi Kathure aliuchora upya ule mchoro mbovu, akaeleza kila kosa, akasema kwa sauti kwamba Hinda aliona kile ambacho yeye hakukiona, na kwamba alimwonea. Nyuma mtu akacheka kwa dharau, "Walaahi, na huyu ndiye mwalimu." Siyad, aliyekuwa akipita barazani, alitikisa kichwa akaenda zake. Lakini adhuhuri, Kathure alipokataa kutoka ofisini mwa Siyad, naibu huyo aliifuta ile barua.

Ijumaa Hinda alirudi. Kathure alimfuata hadi dawatini.

"Hinda, nisamehe."

"Nimesikia ulisema." Msichana alikuwa akipanga vitabu vyake. "Nitasoma fizikia kwa sababu naitaka. Usinisalimie."

Kathure alirudi mbele. Alishika chaki, akaanza kueleza kwa nini msumari wenye mizunguko mingi huvuta pini nyingi zaidi. Maka alifungua daftari kwa mkono wa kushoto. Wengine walikaa vile vile, mikono wamekunja, naye akaendelea kufundisha.