Kimya cha Wanane

Nilipewa hadi saa sita mchana. Atomi zangu bandia zisipotoa mwanga, mkuu wa maabara angezima jokofu, zamu angepewa mwingine, na kazi yangu ya miaka miwili ingeishia kabatini.

Ni saketi nane, kila moja ndogo kuliko punje ya chumvi, zimepangwa ndani ya baridi kali kando ya njia moja nyembamba ambamo mwanga hauna pa kwenda ila mbele na nyuma. Moja nikiipa nishati peke yake, inatoa mwanga vizuri. Zote nane kwa pamoja, kimya.

"Zimekufa hizo," mkuu alisema, kalamu mdomoni. Huyu bwana huchimba kaburi kabla mgonjwa hajafumba macho.

Saa nne na nusu Mama akapiga simu kuuliza kama nimekula. Nilikuwa na hasira, nikamweleza yote. Mama amezaa wanane. Mimi ni wa tano.

"Wanane wakinyamaza pamoja hawajafa, mwanangu. Wanafichiana," alisema. "Siku ile redio ya baba yenu ilipovunjika, si mlisimama ukutani kama mmeshonwa midomo? Nikamvuta kitinda mimba pembeni, akatoboa siri yote."

"Alimtaja nani?"

"We fanya kazi yako."

Nilikata simu nikiona aibu. Atomi zangu zilikuwa zinafutiana mwanga: hii ikitoa, jirani zake wanaufuta, na nishati inabaki humohumo, inazunguka baina yao. Nikaisogeza ya tano pembeni, masafa yake ya mtetemo tu, kidogo sana, isilingane tena na wenzake.

Mstari wa kupima mwanga kwenye skrini ukapanda. Ulikuwa mwanga uleule niliowapa, wameutunza pamoja kwa muda ambao atomi moja isingeweza kamwe. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mkuu akatoa kalamu mdomoni. "Jokofu lisiguswe," aliamuru, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Nikampigia Mama nimshukuru, lakini yakanitoka mengine. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu siku ile ya ukutani.

"Mama, ile redio. Niliiangusha mimi."

"Najua. Kitinda mimba alisema siku ileile. Nilikuwa nakungoja wewe. Haya, umekula?"