Vigae Vilivyokaa Eda

Usiku wa kuamkia leo, mgongo ukiniuma kwa kubeba ndoo, niliota niko kazini kwangu, kwenye banda la msikiti wa zamani. Kazi yangu ni kubadilisha maji ya mabeseni tulimoroweka vigae vya ukuta wa kibla, mpaka chumvi iliyovila ivitoke.

Vigae vyote vimejitanda shuka nyeupe.

“Asalaam alaikum,” nasema. “Mmefiwa?”

“Tumefiwa na ukuta,” kinajibu kigae chenye ufa. “Waliupaka saruji, ukakosa pumzi. Tuko edani. Sema polepole.”

Nikawapa pole. Na mimi nilimkalia eda marehemu mume wangu Shekue, nayajua.

Mara banda limekuwa jiko langu. Fundi Lali, msimamizi wetu, amekalia mbuzi ya nazi, kavaa joho.

“Bi Mwanashee, nimeleta posa. Ukuta mpya umekubali. Wageni wanakuja Ijumaa, tufunge ndoa.”

“Wako edani, Lali.”

“Eda gani ya vigae! Onja maji. Ukisema matamu, eda imekwisha, nawe ukalale.”

Hilo la kulala lilinigusa. Ndoo zimenichosha, wallahi. Bwana harusi mwenyewe, ule ukuta mpya, anachungulia dirishani, chokaa mbichi mashavuni.

Kigae chenye ufa hakinisihi. Kinasema tu, “Nikiolewa ningali na chumvi tumboni, masika yakija nitapasuka mbele ya imamu.”

“Utapasuka kweli?”

“Wenzangu waliotangulia wako kwenye kifusi. Kawaulize.”

Nachovya kidole, naonja. Ulimi unakauka kwa chumvi.

“Bado,” nasema.

“Mama wewe! Onja tena, lakini kwa imani.”

“Nimeonja kwa ulimi, Lali. Bado. Hata ulete mahari ya dhahabu.”

Lali anavua joho, analikunja, anaondoka na ukuta wake. Kigae kinakuja kuniegemea shavuni. Kina baridi.

Adhana ikaniamsha. Kwenye foronya palikuwa na doa jeupe. Nikaligusa kwa ulimi: chumvi. Nikasema ni machozi yangu, mjane hana siku ya kumaliza kulia.

Nikasogeza taa. Doa lilikuwa na pembe nne kamili, na ufa katikati.

Nikaswali. Kisha nikachukua ndoo, nikaenda kumwambia Lali vigae bado.